Wanaozuia mauaji ya kimbari wanatoka kazi gani?

Ndege iliyodunguliwa karibu na uwanja wa Kanombe, Kigali, usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ilibeba marais wawili. Juvénal Habyarimana wa Rwanda anakumbukwa na kila mtu. Cyprien Ntaryamira wa Burundi hutajwa mara chache, kwa sababu nchini kwake usiku ule haukuzaa kile ulichozaa Rwanda. Si kwamba Burundi ilikuwa shwari. Miezi sita tu kabla ya hapo, Oktoba 1993, wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, na damu ya makumi ya maelfu ya Wahutu na Watutsi ikamwagika baada yake. Kufa kwa rais wa pili kungetosha kabisa kuwasha moto upya.

Mwakilishi wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mjini Bujumbura wakati huo alikuwa Ahmedou Ould-Abdallah, mwanadiplomasia wa Mauritania aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake. Habari zilipomfikia hakukaa kungoja maelekezo ya New York. Aliketi na Spika wa Bunge, Sylvestre Ntibantunganya, na wakuu wa jeshi. Wananchi wakatangaziwa watulie kabla uvumi haujatangulia, na makamanda wa mikoani wakapigiwa simu mmoja mmoja, usiku huohuo, waambiwe wawazuie askari wao kambini. Kulipokucha, Kigali ilikuwa inachinjana na Bujumbura ilikuwa kimya.

Tusimpambe kupita kiasi. Burundi haikuwa na redio ya uchochezi kama RTLM ya Rwanda wala wanamgambo walioandaliwa kwa miezi kama Interahamwe wa huko, na vita vyake viliendelea kwa miaka zaidi ya kumi na kuua watu wapatao laki tatu. Lakini usiku ule mmoja una jambo la kutufundisha kuhusu swali ambalo huulizwa mara chache: hawa watu wanaofanya kazi ya kuzuia mauaji ya kimbari wanatoka wapi? Wamesomea nini? Na je, walichosomea ndicho kinachowasaidia siku ya siku?

Jibu la haraka ni kwamba wengi wao ni wanasheria, na hilo lina historia yake. Raphael Lemkin, aliyezaliwa mwaka 1900 katika eneo ambalo leo liko Belarus, alianza na masomo ya lugha kabla ya kuhamia sheria, akawa mwendesha mashtaka mjini Warsaw. Alipokuwa kijana alisumbuliwa na kesi ya Soghomon Tehlirian, Muarmenia aliyempiga risasi Talaat Pasha mjini Berlin mwaka 1921. Mtu aliyemuua mtu mmoja alifikishwa mahakamani, lakini aliyeshiriki kuangamiza taifa zima alikuwa akitembea barabarani kwa uhuru wake. Mwaka 1933 Lemkin aliandika pendekezo la kuufanya uovu huo uwe kosa la kimataifa, likasomwa katika mkutano wa wanasheria mjini Madrid, na halikufika popote. Miaka sita baadaye Wajerumani waliingia Poland. Yeye aliponyoka hadi Marekani. Watu 49 wa ukoo wake hawakuponyoka.

Kilichofuata hakikuwa kazi ya wakili wa kawaida. Lemkin aligeuka kuwa mshawishi wa kwenye korido. Aliwavizia mabalozi mlangoni, aliwaandikia barua katika lugha kadhaa, aliwachosha waandishi wa habari mpaka wengine wakawa wanamkwepa. Mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari ulipitishwa tarehe 9 Desemba 1948. Mwenyewe alifariki New York mwaka 1959 akiwa hana kitu, na mazishi yake yalihudhuriwa na watu wachache mno. Alichowaachia waliomfuata ni kazi yenye sura ya sheria: mkataba, vifungu, ushahidi, mahakama.

Angalia basi waliokalia kiti cha Mshauri Maalumu wa Umoja wa Mataifa wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari, kiti kilichoanzishwa mwaka 2004, miaka kumi baada ya Rwanda. Wa kwanza alikuwa Juan Méndez, wakili wa Argentina aliyefungwa na kuteswa na utawala wa kijeshi wa nchi yake kwa kuwatetea wafungwa wa kisiasa. Wa pili Francis Deng wa Sudan, mwanasheria na balozi. Wa tatu Adama Dieng wa Senegal, mwanasheria aliyekuwa msajili wa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda iliyokaa Arusha. Watatu mfululizo, wote watu wa sheria. Wa nne, Alice Wairimu Nderitu wa Kenya, ndiye aliyevunja mfululizo huo, na habari zake zinakuja.

Arusha yenyewe inastahili maneno machache, maana wasomaji wengi wa Tanzania wanaikumbuka mahakama ile kwa magari meupe na kodi za nyumba zilizopanda. Ilikuwa pia chuo. Navi Pillay, jaji wa Afrika Kusini, alikuwa kwenye jopo lililomtia hatiani Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, kisha akawa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Mohamed Chande Othman aliongoza mashtaka pale, akaenda Timor Mashariki kwa kazi kama hiyo, akarudi na baadaye kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Abubacarr Tambadou wa Gambia alifanya kazi upande wa mashtaka kwa miaka kadhaa, akarejea kwao kuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 2018 alifika kwenye kambi za wakimbizi wa Rohingya huko Cox's Bazar, Bangladesh, akasikiliza waliokimbia Myanmar, na akatambua hadithi aliyokwisha kuisikia Arusha. Novemba 2019 nchi yake, ndogo kuliko mikoa mingi ya Tanzania, iliishtaki Myanmar mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Januari 2020 mahakama hiyo iliiamuru Myanmar ichukue hatua za kuwalinda Warohingya. Hakuna dola kubwa iliyokuwa imethubutu.

Kwa hiyo sidharau sheria. Hata hivyo kasoro yake iko wazi: sheria huja maiti zikishalala. Akayesu alihukumiwa miaka minne baada ya Taba, eneo alilokuwa meya wake, kugeuka machinjio. Ni kweli kwamba mwaka 2007, katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia, mahakama ya The Hague ilisema wajibu wa nchi kuzuia huanza pale inapojua, au ilipopaswa kujua, kwamba hatari kubwa ipo. Hiyo ni sentensi nzito. Ilitamkwa miaka 12 baada ya wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 kuuawa Srebrenica.

Wapo wanasheria walioona mapema. Bacre Waly Ndiaye wa Senegal, akiwa mchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa mauaji ya kiholela, alizuru Rwanda Aprili 1993, mwaka mzima kabla. Ripoti yake ya Agosti ilieleza kwamba Watutsi wanauawa kwa sababu ya kabila lao tu, na ikauliza kama mkataba wa 1948 haujaanza kuhusika. Ikawekwa kabatini. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire, mwanajeshi wa mizinga kutoka Kanada aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa mjini Kigali, alituma faksi New York. Mtoa habari wake alidai vijana wa Interahamwe wanaweza kuua Watutsi 1,000 kwa dakika 20, na Dallaire aliomba ruhusa ya kukamata silaha zilizofichwa. Akakataliwa. Wanaosema dunia haikuonywa kuhusu Rwanda hawajui wanachosema. Ilionywa na mwanasheria, ikaonywa na mwanajeshi, na ilionywa pia na mwanahistoria Alison Des Forges, Mmarekani aliyeijua Rwanda tangu alipoandika tasnifu yake ya Yale kuhusu enzi ya Mfalme Musinga, na aliyekwenda na tume ya uchunguzi ya mashirika ya haki za binadamu Januari 1993.

Hapo ndipo tofauti ya Kigali na Bujumbura inapoonekana. Ould-Abdallah alikuwa na madaraka ya kisiasa, na waliohitajika kuamua alikuwa nao uso kwa uso. Dallaire alikuwa na askari, ila ufunguo wa kuwatumia ulikuwa New York. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama lilipunguza kikosi chake kutoka takriban watu 2,500 hadi 270.

Waliobaki walifanya walichoweza, na kati yao mmoja hafai kurukwa. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal alikuwa mwangalizi wa kijeshi asiyebeba silaha. Aliwaficha watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia aliyeingia siasa na kuuawa siku ya kwanza. Kisha, wiki baada ya wiki, aliwapitisha watu wachache wachache kwenye vizuizi vya barabarani ndani ya gari lake. Silaha yake ilikuwa utani, sigara, na kuwajua kwa sura vijana waliosimamia vizuizi. Aliokoa mamia. Kipande cha kombora kilimuua kizuizini tarehe 31 Mei 1994. Kozi gani ya kijeshi humfundisha mtu kumchekesha muuaji mlevi mwenye panga? Vivyo hivyo Raoul Wallenberg, Mswidi aliyewaokoa maelfu ya Wayahudi wa Budapest mwaka 1944 kwa kuwagawia hati za ulinzi, alikuwa amesomea usanifu wa majengo Marekani na kufanya biashara.

Kundi jingine ni la wasomi wa takwimu. Barbara Harff, mtaalamu wa sayansi ya siasa, alichapisha mwaka 2003 uchambuzi wa vigezo vinavyotangulia mauaji ya kimbari: misukosuko ya kisiasa, historia ya mauaji kama hayo, itikadi ya kubagua, utawala wa kundi dogo la kikabila, uchumi uliofungwa. Gregory Stanton, aliyesomea anthropolojia na sheria na aliyewahi kufanya kazi ya misaada Kambodia, aliandika hatua nane za mauaji ya kimbari mwaka 1996 alipokuwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Baadaye zikawa kumi, na hizo ndizo zinazofundishwa hadi mashuleni. Leo Jumba la Makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi mjini Washington, pamoja na Chuo cha Dartmouth, huorodhesha nchi kwa kiwango cha hatari.

Takwimu hizi zina kazi yake, lakini zinakwambia nchi, hazikwambii tarafa. Hazijui ni chama gani cha ushirika kinachogawa mapanga, wala ni mkutano gani wa mazishi uliogeuzwa kuwa wa kisiasa. Picha za setilaiti nazo zinakwambia kijiji kimeshaungua. Maabara ya Yale inayofuatilia Sudan ilionya kuhusu El Fasher kwa muda mrefu, ikionyesha hata ukuta wa udongo uliorundikwa kuuzingira mji. Oktoba 2025 mji ulitekwa na wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, na mauaji yaliyofuata yalionekana kutoka angani. Sina shaka na ustadi wa wachambuzi wale. Shaka yangu ni kwa wanaodhani kwamba tatizo letu ni uhaba wa macho.

Turudi sasa kwa Nderitu. Chuo Kikuu cha Nairobi alisoma fasihi na falsafa. Alianzia kazi katika idara ya magereza ya Kenya akiwa mtafiti na mtumishi wa utawala, akaenda Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, kisha mwaka 2009 akawa kamishna katika Tume ya Uwiano na Utangamano, iliyoundwa baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 zilizoua zaidi ya watu 1,100. Huko Nakuru alikuwa mpatanishi na mwanamke pekee kati ya wazee 100 wa makabila 10, katika mazungumzo yaliyochukua miezi 16 hadi makubaliano ya 2012. Miezi 16 ya kuketi na wazee wa Bonde la Ufa, kila mmoja na kumbukumbu yake ya mwaka gani nani alichoma boma la nani! Wanasheria wana tabia ya kuuliza nani ana hatia. Aliyesoma fasihi huuliza hadithi imeanzia wapi kwa kila anayeisimulia, na kwenye kikao cha wazee hilo ndilo swali linalofungua midomo.

Kenya ya miaka ile ilikuwa maabara ya kweli. Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh na wenzake wa teknolojia waliunda Ushahidi, tovuti iliyowawezesha wananchi kutuma habari za vurugu na kuziona kwenye ramani. Kuelekea uchaguzi wa Machi 2013 ukaja mradi wa Umati, ulioajiri vijana wa kusoma mitandao kila siku kwa Kiswahili, Sheng na lugha kadhaa za nyumbani, wakipima maneno kwa kipimo cha hatari kilichobuniwa na Susan Benesch, mwanahabari aliyegeuka mwanasheria. Mashine isingeweza. Tusi la kabila hufichwa kwenye methali, kwenye jina la mdudu, kwenye wimbo wa zamani, na anayelinusa ni yule aliyekulia palepale.

Lakini ninachokipenda zaidi ni Vioja Mahakamani. Mwaka 2012 kipindi hicho cha vichekesho cha KBC, ambacho Wakenya wamekitazama kwa miongo, kilirusha sehemu nne kuhusu uchochezi. Mahakama ni ileile, waigizaji ni walewale, ila mshtakiwa safari hii ameletwa kwa maneno yake. Mtazamaji anacheka, na huku anaonyeshwa namna kiongozi anavyomtengenezea adui kutoka kwa jirani yake. Waigizaji wa vichekesho hawamo katika orodha yoyote ya wataalamu wa kuzuia mauaji ya kimbari. Wangestahili kuwamo.

Rwanda ilifanya jambo la aina hiyo kwa redio. Mchezo wa Musekeweya, ulioanza mwaka 2004, unasimulia vijiji viwili vinavyoingia kwenye chuki na kutafuta njia ya kutoka. Nyuma yake alikuwepo mwanasaikolojia Ervin Staub, ambaye akiwa mtoto wa Kiyahudi mjini Budapest aliokolewa na hati za Wallenberg. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliupima mchezo huo na kuchapisha matokeo mwaka 2009: imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana, ila walibadilika katika kuona ni mwenendo gani unakubalika kijamii, na wakawa tayari zaidi kupinga jambo hadharani. Watu wa semina za kubadili mioyo wangefaa kuyasoma matokeo hayo kwa utulivu.

Hapa kuna jambo lisilopendeza kulisema. Kila taaluma niliyoitaja imetoa wauaji pia. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waasisi wa RTLM, alikuwa profesa wa historia, kama Des Forges alivyokuwa mwanahistoria. Jean-Bosco Barayagwiza, aliyeshtakiwa pamoja naye Arusha, alikuwa mwanasheria. Akayesu alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule. Arusha ilimhukumu daktari, ikamhukumu na baba yake mchungaji, katika kesi moja. Katika kikao cha Wannsee cha Januari 1942, ambapo watu 15 walipanga namna ya kuwamaliza Wayahudi wa Ulaya, wanane walikuwa na shahada ya uzamivu. Elimu haimwongozi mtu upande wowote, na shahada ya uzamili ya haki za binadamu pia haitoi dhamana hiyo, ingawa matangazo mengi ya kazi katika fani hii yanaidai kama cheti cha usafi.

Ndiyo maana navutiwa na taasisi iliyoanzishwa mwaka 2005 na Fred Schwartz, mfanyabiashara wa New York aliyejulikana mjini kwa kuuza makoti ya manyoya. Taasisi yake, inayobeba jina la Auschwitz, haikwenda kuwatafuta wanaharakati. Iliwaita maofisa wa serikali wa ngazi ya kati kutoka nchi mbalimbali: wa wizara za ulinzi, sheria, elimu, mambo ya nje. Semina ya kwanza ilifanyika palepale Auschwitz mwaka 2008. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mawaziri hubadilishwa, wakurugenzi wasaidizi hubaki miaka ishirini, na karatasi hupita mikononi mwao kwanza.

Eneo letu lilikuwa limefikia wazo hilo hata kabla ya semina hiyo. Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu, wenye makao yake Bujumbura, ulipitisha mwaka 2006 itifaki ya kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, inayozitaka nchi wanachama kuunda kamati za kitaifa. Tanzania, Uganda na Kenya ni miongoni mwa zilizounda. Kamati hizi huchanganya maofisa wa wizara, polisi, viongozi wa dini na asasi za kiraia, na kwa maoni yangu mchanganyiko huo ni sahihi kuliko ule wa New York. Ugomvi wa nani achinje nyama, uliomwaga damu Buseresere mkoani Geita Februari 2013, haukuhitaji wakili wa The Hague. Ulihitaji shehe, mchungaji, mwenye bucha na mkuu wa wilaya wanaofahamiana kabla ya ugomvi.

Tatizo la kamati hizi ni kwamba wananchi hawazijui. Mwulize mtu yeyote wa Mwanza, Eldoret au Mbarara kama anafahamu kwamba zipo. Wajumbe wake wana ajira nyingine, shughuli za kamati hutegemea sana wafadhili, na uteuzi wao hautangazwi kwa kishindo. Umoja wa Afrika nao ulisubiri hadi Aprili 2024, miaka 30 baada ya Rwanda, kumteua mjumbe maalumu wa kuzuia mauaji ya kimbari, na ukamchukua Adama Dieng, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyekwisha kuifanya kazi hiyo Umoja wa Mataifa. Sina neno na Dieng. Ila bara zima kumrudia mtu yuleyule ni ishara kwamba hatukuandaa wengine.

Mabunge yetu yanaweza kuanza na jambo dogo katika kikao kijacho cha bajeti. Kamati ya kitaifa ipewe fungu lake lenyewe, iongezewe mtangazaji wa redio na mtu anayezifahamu lugha za mipakani, na itoe taarifa bungeni kila mwaka. Majina ya wajumbe yabandikwe kwenye ofisi za kata, ili aliyesikia jambo baya likipangwa ajue apeleke habari kwa nani.